Naomba macho yenu: bango la chama cha wazazi wa watoto wenye siko seli, mkutano ni wiki tatu zijazo

#1 Mama Kliniki

Wakuu, habari za jioni. Mimi si mchoraji wala mtafiti. Ni mzazi wa mtoto wa miaka tisa mwenye siko seli (selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi), na katika chama chetu cha wazazi hapa Mwanza nilibebeshwa ukatibu kwa sababu eti naandika haraka kwenye simu.

Mwaka jana tulianza kitu kidogo. Mzazi akikosa kliniki mara mbili mfululizo, muuguzi anatupa taarifa (kwa wale tu waliokubali namba zao zitumike), halafu mzazi mwenzake mzoefu anampigia. Hapigi kugomba. Anauliza tu, mwenzangu, kulikoni? Majibu mengine mnayajua: nauli, mtoto alikuwa mzima wakaona hakuna haja, baba hataki, bibi kijijini ana dawa zake. Zaidi ya nusu ya waliopigiwa walirudi. Muuguzi akasema hili liandikwe. Tukaandika ikisiri (muhtasari mfupi wa kazi), tukaipeleka kwenye mkutano wa afya utakaofanyika Arusha, wakaikubali. Ila hatuzungumzi jukwaani, tunapewa ubao wa kubandika bango. Ukubwa A0, wima.

Rasimu ninayo. Siiweki humu kwa sababu waandaaji wameomba namba zisitoke kabla ya siku yenyewe, ila naieleza. Juu kuna nembo sita. Kichwa kinasema "Tathmini ya Mradi wa Ufuatiliaji wa Wagonjwa wa Selimundu kwa Njia ya Simu Unaotekelezwa na Kikundi cha Wazazi Kanda ya Ziwa". Chini kuna safu tatu: utangulizi, lengo kuu, malengo mahususi, mbinu, matokeo, majadiliano, hitimisho, mapendekezo, shukrani. Maneno kama 1,400, maana nilichukua ripoti ya mfadhili nikaipunguza. Majedwali mawili. Picha ya watoto wetu watano wakicheka siku ya siko seli duniani, tarehe 19 Juni. Rangi nyekundu, kwa sababu ya damu.

Kijana wangu mkubwa kaitazama akasema, "Mama, hili ni gazeti." Nimeumia kidogo. Nisaidieni.

#2 Mchora Ramani

Mwanao yuko sahihi dada, usimnunie.

Nimesimama kwenye mikutano hiyo miaka mingi. Mabango yanatazamwa saa ya chai. Mtu ana kikombe mkono huu, sambusa mkono ule, beji inambana shingoni, na anamtafuta mtu anayemdai jibu la barua pepe. Maneno 1,400 kwa kasi ya kawaida ya kusoma ni dakika sita au saba. Hakuna atakayekupa dakika saba akiwa amesimama, labda mumeo.

Swali langu ni moja. Mtu akipita bila kusimama, unataka aondoke na nini?

#3 Mama Kliniki

Aondoke akijua kwamba mradi wa ufuatiliaji una ufanisi.

#4 Mchora Ramani

Hayo ni maneno ya mfadhili. Niambie kama unavyomwambia jirani yako mkiwa sokoni Kirumba.

#5 Mama Kliniki

Mzazi akipigiwa na mzazi mwenzake, anarudi kliniki.

#6 Mchora Ramani

Haya, kichwa cha bango tayari. Kile cha mwanzo mpelekee mfadhili, atakipenda.

#7 Daktari wa Zamu

Samahani, naharibu sherehe. Mimi ndiye yule atakayesimama mbele ya bango hilo na kumuuliza dada swali baya, kwa hiyo bora nimuulize hapa.

Umesema zaidi ya nusu ya waliopigiwa walirudi. Wasingepigiwa, wangapi wangerudi wenyewe? Mtoto wa siko seli akishikwa na maumivu makali au damu ikishuka, mzazi anakuja hospitali hata kama hakupigiwa na mtu. Hamkuwa na kundi la kulinganisha. Ukiandika kwa herufi kubwa kwamba "akipigiwa, anarudi", umedai kuwa simu ndiyo iliyomrudisha, na hilo hamjalithibitisha. Sipondi kazi yenu, ni nzuri sana. Lakini daktari mmoja akiuliza hivyo mbele ya watu na ukakosa jibu, kila kitu kingine kwenye bango kitaonekana cha kubahatisha.

#8 Mchora Ramani

Daktari naye ana pointi. Sasa iweje, arudishe "Tathmini ya Mradi wa"?

#9 Daktari wa Zamu

Hapana, ile ilikuwa ya kuua watu kwa usingizi. Aseme kilichotokea, basi: "Tuliwapigia wazazi walioacha kliniki. Zaidi ya nusu walirudi." Sentensi mbili, zote za kweli. Msomaji ataunganisha mwenyewe. Na akikuuliza kuhusu kundi la kulinganisha, unamjibu: hatukuwa nalo, ndiyo maana tumekuja kutafuta wa kushirikiana naye. Hapo swali baya limekuletea mgeni.

Na tafadhali msiondoe mbinu. Najua mnataka kufyeka kila kitu. Nahitaji kuona nani alipiga, alimpigia nani, baada ya siku ngapi, mara ngapi, na "kurudi" mmehesabu vipi. Mistari mitano inatosha.

#10 Mama Kliniki

Daktari, hilo la kundi la kulinganisha nimelisoma mara tatu. Asante. Afadhali nikutane nalo hapa kuliko Arusha.

#11 Kijiti cha Pilipili

Mtafute kwenye intaneti Mike Morrison, mwanasaikolojia aliyekuwa akisoma udaktari wa falsafa pale Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani. Mwaka 2019 alitoa video kuhusu mabango ya mikutano iliyotikisa watu. Hoja yake: katikati weka sentensi moja kubwa kama tangazo la barabarani, pembeni safu nyembamba ya maelezo kwa anayepita peke yake, upande wa pili michoro na majedwali ya kuonyeshana mnapoongea, na msimbo wa QR wa kuchukua kazi yote. Fuata huo mtindo, kazi imeisha.

#12 Takwimu Tupu

Mtindo huo ni mzuri, ila usiuvae kama sare. Wapo walioupinga kwa sababu ileile aliyoitaja Daktari: sentensi kubwa katikati inamvuta mtu kudai kuliko alichokipata. Halafu ukibaki na sentensi na rangi tupu, anayetaka ushahidi anaukosa. Chukua wazo, usichukue kiolezo kizima.

Sasa mambo yangu. Dada, nabashiri utangulizi wako unaanza na kwamba Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na siko seli duniani, pamoja na Nigeria, Kongo na India, na kwamba wanakadiriwa kufika 11,000 kwa mwaka. Nimekosea?

#13 Mama Kliniki

😂 Neno kwa neno. Umeingia kwenye simu yangu?

#14 Takwimu Tupu

Kila bango la siko seli nchini linaanza hivyo. Kwenye mkutano ule, watu wote wa kada hiyo wanaijua namba hiyo kama wanavyojua jina la mama yao. Ukumbi wa namna ile hauhitaji kufundishwa ugonjwa ni nini wala Herrick, yule daktari Mmarekani, aliueleza mwaka gani. Unahitaji kuambiwa kitu ambacho ninyi tu mnakijua: *kwa nini* mzazi anaacha kliniki. Zile sababu ulizotaja juu kule kwa kupitia tu, nauli, mtoto mzima, baba, bibi, ndizo dhahabu yako. Daktari akimuuliza mzazi kwa nini hukuja, anajibiwa "nilisahau". Mzazi mwenzake anaambiwa ukweli. Mimi ningefuta utangulizi wote nikaweka sababu hizo mahali pake.

Majedwali mawili yatoe. Familia zenu si maelfu, kwa hiyo usikimbilie asilimia. Chora vidoti, kidoti kimoja familia moja. Waliorudi wajaze rangi, wasiorudi waache duara tupu. Mtu anaona kwa jicho moja wangapi walikuwepo na wangapi wamebaki nje, na huwezi kumdanganya hata ukitaka. Asilimia bila jumla yake ni ujanja. Nimeona bango lenye "asilimia 75 waliridhika", nikauliza ni wangapi, nikaambiwa wanne.

Michoro ile ya vigogo vinavyosimama kama maghorofa, yenye vivuli na kina, usiiguse. Inapotosha urefu. Na maelezo yaandike kando ya kitu chenyewe, usimpeleke msomaji kwenye kisanduku cha rangi pembeni arudi tena.

#15 Mtu wa Mashine

Mimi ni mchapaji. Watu wakijua ninachoona kila wiki ya mikutano watanihurumia. Nisikilize kwa makini dada, maana huku ndiko mabango mazuri yanakofia.

Ukurasa uweke ukubwa wake kabla hujaandika hata herufi. A0 ni sentimita 84.1 kwa 118.9. Kama unatumia PowerPoint, nenda kwenye ukubwa wa slaidi, jaza hizo namba, wima. Usitengeneze kwenye umbo la slaidi la kawaida ukaniambia "nivutie". Nikikuvutia, duara linakuwa yai.

Picha za WhatsApp usiniletee. Ikipita kule kama picha inabanwa, inabaki muhuri wa posta. Mwambie aliyepiga akutumie kama dokumenti, au kwa barua pepe. Kwa bango, nukta 150 kwa inchi zinatosha, maana mtu hasomi akiwa ameligusa kwa pua. Piga hesabu: picha itakayokaa upana wa sentimita 20 inahitaji pikseli kama 1,200 kwa upana. Nembo ndizo mbaya zaidi. Watu wanazikata kwenye tovuti, ndogo kama punje, na nyuma kuna kisanduku cheupe. Waombe wenye nembo faili lao la asili.

Kipimo changu cha bure: chapa bango lako lote kwenye karatasi moja ya A4. A0 ni A4 kumi na sita, kwa hiyo urefu wa kila kitu unapungua mara nne. Herufi ya ukubwa wa 24 inakuwa 6. Ishike kwa urefu wa mkono. Usichoweza kusoma kwenye A4 kwa kukaza macho, mkutanoni hakitasomwa na mtu aliye hatua mbili nyuma. Maandishi ya kawaida usishuke chini ya 28, ya kichwa usione haya kufika 100 au zaidi. Na usiandike KWA HERUFI KUBWA TUPU, inachosha macho.

Rangi: kwenye skrini unaona mwanga, kwenye karatasi unaona wino. Bluu na kijani vinavyong'aa kwenye simu vitapoa. Usilie kwangu. Omba kipande kidogo cha majaribio kwanza. Nyekundu kubwa nyuma ya maandishi meusi ni balaa, na wapo watu, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo usiwaweke waliorudi kijani na wasiorudi nyekundu. Bluu nzito kwenye nyeupe haimkosei mtu.

Niletee PDF, si faili la kuhariri. Nikilifungua kwangu bila fonti yako, mashine inachagua yake na mistari yote inahama.

Mwisho, uliza waandaaji wanabandika kwa nini, pini au gundi, na ubao wenyewe umekaaje. Mteja wangu mmoja aliambiwa wima akasoma mlalo. Alisimama siku mbili bango likiwa limening'inia pembeni mwa ubao kama kanga kwenye kamba.

#16 Kijiti cha Pilipili

Karatasi au kitambaa? Maana kutoka Mwanza hadi Arusha na lile bomba la karatasi ndani ya basi, mtu wa kiti cha nyuma atalikalia.

#17 Mtu wa Mashine

Kitambaa kama unakipata kwa mchapaji wako. Unakunja, unatia kwenye begi na nguo. Ukifika unapiga pasi ya moto mdogo upande wa nyuma. Herufi ndogo zinapoteza ukali kidogo, ila kama umenisikiliza hutakuwa na herufi ndogo. Na PDF ibaki kwenye flashi na kwenye barua pepe yako pia.

#18 Ndege wa Usiku

Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aguse ile picha. Hakuna aliyeigusa.

Nina miaka 26, nina siko seli. Nikiwa darasa la pili, watu fulani walikuja kliniki wakatupiga picha, wakatupa biskuti. Mama alisaini karatasi ambayo hakusomewa. Miaka kumi baadaye niko sekondari, mwenzangu ananiletea simu: "Huyu si wewe?" Nilikuwa kwenye bango la watu, macho ya manjano, chini imeandikwa kuhusu watoto wanaokufa kabla ya miaka mitano. Sikuwa nimemwambia mtu shuleni. Siku ile walijua wote.

Mama Kliniki, najua unawapenda hao watoto, na wanacheka, si kama mimi. Lakini mkutanoni kila mtu anapiga picha mabango na kuyarusha mtandaoni, na huko hayafutiki. Watoto hao watakuwa wasichana wa kuposwa na vijana wa kutafuta kazi. Unajua wewe maneno yanayosemwa kwenye posa kuhusu damu ya mtu.

#19 Kijiti cha Pilipili

Pole sana ndugu. Ila bila sura bango linakuwa kavu, na tukiendelea kujificha hiyo aibu itaisha lini? Wengine tunajitokeza makusudi.

#20 Ndege wa Usiku

Mtu mzima anajitokeza mwenyewe. Mtoto wa miaka saba anajitokezwa. Mimi leo nikiombwa picha natoa, na nimeshatoa. Tofauti ni nani kaamua.

#21 Shangazi wa Leiden

Naunga mkono Ndege wa Usiku kwa mikono yote. Niko Uholanzi, najitolea kwenye chama cha wagonjwa wa ugonjwa mmoja adimu, na mabango nimeshatengeneza ya kutosha.

Nyumbani sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya ni nyeti, na picha ya mtoto chini ya maneno "siko seli" tayari ni taarifa ya afya. Kenya wana yao ya 2019. Lakini hata bila sheria: ridhaa ya mzazi iliyoandikwa kwa Kiswahili, ikitaja *hili bango*, *huu mkutano*, na kama itawekwa mtandaoni au la. Mtoto naye aulizwe, akikataa ameshakataa. Na wajue wanaweza kubadili mawazo, ingawa bango likishapigwa picha na watu huwezi kulirudisha, nalo waambiwe wazi.

Badala ya sura: mikono ya mzazi imeshika simu na kadi ya kliniki (jina lizibwe). Au mchoro wa mmoja wa watoto, kwa ridhaa pia. Sisi tuliweka mchoro wa mtoto, watu wakausogelea kuliko picha yoyote.

Jambo jingine, nani ameandika? Kwenye rasimu yako majina ya waandishi ni ya nani?

#22 Mama Kliniki

Ndege wa Usiku, nimekaa na maneno yako tangu jana usiku. Picha imetoka. Sitaki hata kujadili. Nakuomba radhi kama umesoma post yangu ya kwanza na picha ile ikakurudisha huko.

Shangazi, shikamoo. Waandishi ni daktari mkuu wa kliniki, muuguzi, na mimi mwisho. Wazazi waliopiga simu wako kwenye shukrani.

#23 Shangazi wa Leiden

Marahaba. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Bango la chama cha wagonjwa si bango la hospitali lililotiwa nembo ya chama. Wazazi ndio walibuni, ndio walipiga, ndio walisikia hizo sababu. Kama ikisiri bado inaruhusu kurekebishwa majina, wale walioshiriki kubuni na kufikiri waingie kwenye waandishi, wakikubali. Ongeeni na daktari mkuu kwa heshima, wengi wanakubali wakiombwa. Kuna mwongozo unaitwa GRIPP2, wa mwaka 2017, wa kuandika jinsi wagonjwa walivyoshiriki kwenye kazi. Toleo lake fupi lina mambo matano: lengo la kuwashirikisha, namna mlivyofanya, kilichotokana na ushiriki huo, maana yake, na mwisho mjitazame wenyewe: nini kilikwenda vibaya. Hilo la tano ndilo watu hawaandiki, na ndilo litakalokuheshimisha. Simu ngapi hazikupokelewa? Mpigaji yupi alichoka? Nani alilipia vocha?

Na mfadhili atajwe, mstari mmoja, hasa kama ni kampuni ya dawa. Nembo sita juu zishuke chini ziwe ndogo. Hakuna aliyewahi kusimama kwa sababu ya nembo.

#24 Mama Kliniki

Vocha tulilipa mfukoni miezi miwili ya mwanzo. Na mpigaji mmoja aliacha, kwa sababu alimpigia mama aliyekuwa amefiwa na mtoto wiki ile na sisi hatukujua. Hilo sikuliandika popote.

#25 Daktari wa Zamu

Liandike. Bila jina, bila tarehe. Andika kwamba kabla ya kupiga, sasa mnahakikisha kwanza na muuguzi. Mwenye kutaka kuanzisha kitu kama chenu anahitaji kujua hilo kuliko asilimia yoyote.

#26 Mchora Ramani

Nimenyamaza kwa sababu uzi umenipita uzuri. Naweka mpangilio:

Juu kabisa, robo nzima ya bango, zile sentensi mbili za Daktari. Chini yake kushoto sababu za wazazi kwa maneno yao mafupi, ulizoruhusiwa kuzitumia. Katikati vidoti. Kulia mbinu mistari mitano, na "tulichokosea". Chini: *tunatafuta nini*. Hili umelisahau kabisa. Unataka kliniki nyingine ijaribu? Unataka mtafiti? Unataka mtu wa vocha? Andika. Acha nafasi tupu kati ya vitu, usiogope weupe. Nafasi tupu haidaiwi kodi.

Msimbo wa QR uwe kimo cha kifua, si chini miguuni ambako mtu atainama na sambusa yake. Upana sentimita 7 hivi, na ukingo mweupe pande zote. Uelekeze kwenye ukurasa mwepesi wenye maneno mnayosema mnapopiga simu. Usitumie huduma za bure zinazokatika baada ya muda wa majaribio. Jaribu kwa simu ya bei rahisi kuliko zote mtaani kwenu.

Na uandike kwanza kwa Kiswahili. Najua mkutano ni wa Kiingereza. Ukianza kwa Kiingereza utarudi kwenye "ufuatiliaji" na "utekelezaji".

#27 Mama Kliniki

Mrejesho. Nimeandika Kiswahili, maneno 310. Mwanangu ametafsiri, muuguzi amesahihisha. Nimechapa A4 ya Mtu wa Mashine. Nimemwonyesha rafiki wa mwanangu kwa sekunde kumi, nikaificha, nikamuuliza inahusu nini. Akasema, "Tangazo la kampuni ya simu."

Nilikuwa nimechora simu kubwa katikati. 🤦🏾‍♀️

#28 Takwimu Tupu

😂😂 Simu itoke, vidoti vikue. Jaribu tena kwa mtu mwingine, huyo ameshajua.

#29 Mama Kliniki

Nimejaribu kwa mdogo wa mume wangu, ni fundi pikipiki. Sekunde kumi. Akasema: "Wazazi wamewaita wenzao warudi hospitali, wengine hawakurudi. Hawa wasiorudi wako wapi sasa?"

#30 Daktari wa Zamu

Chapa.

#31 Mama Kliniki

Wakuu, nimerudi Arusha juzi. Naandika kwa ufupi, nimechoka.

Bango lilikuwa kitambaa, pasi ya hoteli ilinisaidia. Mama wawili kati ya waliopiga simu majina yao yalikuwa juu, mmoja tulikwenda naye, akawa anajibu kuliko mimi. Swali la kundi la kulinganisha liliulizwa mara nne. Mara ya kwanza nilitetemeka, mara ya nne nilikuwa nalisubiri. Muuguzi kutoka Tabora amechukua maneno ya simu kwa ule msimbo, akaniandikia usiku uleule akiuliza tunafanyaje na akina baba. Kisanduku cha "tulichokosea" ndicho kilichopigwa picha zaidi. Hakuna aliyeuliza 11,000.

Kosa langu: karatasi za kugawa nilichapa chache, zikaisha siku ya kwanza.

Lile la Kiswahili tulilichapa A1, muuguzi akalibandika kwenye korido ya kliniki, karibu na mizani. Leo asubuhi mama mmoja alisimama pale muda mrefu na mtoto mgongoni, akaniita. "Katibu, mimi ni kipi hapa?" Nikamwonyesha kimojawapo kilichojazwa, kwa kukisia tu. Akatikisa kichwa. "Hapana. Mlipohesabu mimi nilikuwa bado. Nilirudi baadaye." Akaweka kidole kwenye duara tupu la mwisho, safu ya chini. "Mimi ni hiki."

Nimemuuliza muuguzi kama tunaruhusiwa kukijaza kwa kalamu.

#32 Takwimu Tupu

Usikijaze. Chora kidoti pembeni yake, weka mshale na tarehe.